Kificho Katikati ya Mihogo

Baba mkubwa Shibuda alipofika Nyarubungo, huku Biharamulo, na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mimi nilikuwa sijaanza shule. Alifyeka shamba mahali ambapo makazi yanaishia na pori linaanza, na tangu hapo maisha yake yamekuwa ugomvi na nguruwe pori. Ng'ombe wamekwisha, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa mahari za wanawe. Mama mkubwa amefariki. Nguruwe wapo.

Zamani alikuwa akipanda juu ya mti na upinde wake na kuwasubiri huko jioni. Siku hizi magoti yamekataa. Mwaka jana alianguka wakati wa kushuka, na ingawa hakuvunjika, habari zilimfikia mwanawe Fabiani, fundi magari wa Kahama. Akaja akiwa na maneno tayari mdomoni.

"Baba, safari hii tunaondoka wote."

"Na mihogo avune nani?"

"Mihogo ipi? Hiyo ya nguruwe?"

Walibishana mpaka jirani, Ernesta, akaja kuwaamua. Mwisho walikubaliana hivi: mihogo ikifika mavuno, mzee abaki shambani kwake na asisumbuliwe tena. Nguruwe wakiimaliza, anahamia Kahama. Baba mkubwa aliniambia baadaye kwamba alishakiona chumba alichotengewa kule. Kina dirisha moja, linatazama ukuta.

Mimi nafundisha Mugoma, wilaya ya Ngara, na likizo hupitia kwake. Nilipomkuta wakati ule alikuwa anawaza jambo moja tu: kificho. Kama hawezi kukaa juu, lazima akae chini, na chini nguruwe anakuona kabla hujamwona. Tena lazima kificho kibebeke, maana nguruwe hawana mlango mmoja. Upepo ukigeuka, nao wanaingilia upande mwingine. Bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, alikuwa amewaruhusu wanakijiji kuua nguruwe walioingia mashambani, si kuwafuata porini, kwa hiyo ilibidi awangoje humohumo ndani ya mihogo.

Nilimtafutia kihema Mwanza, cha wale wanaopiga picha wanyama. Ukikitupa chini kinafunguka chenyewe. Baba mkubwa alikizunguka, akaingia, akakaa kwenye kigoda, akavuta upinde. Ncha ya juu ikagonga paa.

"Recho, aliyeshona hiki anawinda panya," alisema kutoka ndani.

Upinde wa kwetu ni mrefu, unakaribia kimo cha mtu, na paa la kihema lilikuwa limeinama kama chungu kilichopinduliwa. Akajaribu kuulaza upinde. Jioni moja dume kubwa lilikuja likasimama karibu, ubavu wote wazi. Alipovuta, ncha ikakwaruza kitambaa. Dume likainua kichwa. Mshale ukaingia kwenye shina la muhogo, na usiku ule nguruwe walichimba matuta mpaka karibu na nyumba.

Akafuma ukuta wa matete unaokunjwa na kubebwa kwapani. Haukuwa na paa, upinde ulipata nafasi, lakini mwanga wa nyuma yake ulipenya na kila alipoinua mkono kivuli kilicheza. Akauacha shambani ili wanyama wauzoee. Mchwa wakaula. Akanunua turubai la bluu, likang'aa kama bati na kupiga kelele kwa upepo mdogo tu. Kila nilipompigia simu kulikuwa na habari mpya ya kushindwa, na kila mara alikata simu kabla sijapata la kumfariji. Mtu anayepigania mahali pa kuzeekea hafarijiki kwa maneno ya simu.

Mwishowe alipata kipande cha turubai kuukuu la lori. Zito, halina mng'ao, halina sauti. Akalitandika juu ya fito nne zinazong'oka, kuta zikasimama wima, paa likawa juu ya ncha ya upinde. Nyuma akaziba kabisa ili ndani kuwe na giza. Mbele akatoboa upenyo mmoja mwembamba uliosimama, maana upinde wake haupigwi kwa kulazwa. Kisha akatoa sandukuni kaniki nyeusi ya marehemu mama mkubwa, akajitanda. Nguo nyeusi ndani ya giza haionekani. Niliona kwamba kulikuwa na sababu nyingine ya kaniki ile, ila sikuuliza.

Akakisimamisha katikati ya shamba, akakizungushia majani, akakiacha muda mrefu bila kukaa humo, ili nguruwe wakione mpaka wakichoke. Alikuwa anakwenda kukikagua mchana tu, kimyakimya, na upepo ukibadilika anakihamisha.

"Mzee, umejenga choo katikati ya chakula?" Ernesta alimuuliza akipita na kuni.

"Si choo."

"Basi ni nini? Au umeoa, unamficha bibi arusi?"

"Kuna kitu changu humo."

Wawindaji wa kwetu hawamtaji mnyama kabla ya kumpata. Ukimtaja, umemfukuza. Kwa hiyo kila aliyeuliza alipewa jibu hilohilo: kuna kitu changu. Huko Usukumani miaka ile, jibu kama hilo lingeeleweka, na muulizaji angeenda zake. Biharamulo ya leo ni tofauti. Hapa vijana wanatafuta dhahabu, na mwenye duara, yaani shimo lake, hulizungushia turubai, huingia na kutoka kimya, na akiulizwa hujibu hivyohivyo.

Nilirudi Desemba. Kwa mbali nilidhani nguruwe wameshinda, kisha nikaona kwamba mashimo yalikuwa na pembe nne. Mihogo ilikuwa imeng'olewa ikiwa bado nyembamba, imerushwa kando, imenyauka. Kificho kilikuwa kimelala chini, na pale kilipokuwa kimesimama ndipo palipokuwa na shimo refu kuliko yote. Baba mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, upinde ukiwa magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Ernesta ndiye aliyenieleza. "Walikuja na sururu na makarai, kijiji kizima na wengine wasiojulikana. Mzee akapiga kelele, 'Nategea nguruwe!' Wakacheka. Wakamwambia, 'Nguruwe gani huyo wa kujengewa nyumba?' Kadiri alivyokataa ndivyo walivyochimba. Nguruwe angalau hula alichong'oa."

"Wamepata chochote?"

"Wamepata mawe meupe. Wakaondoka wakisema mzee ameshaihamisha dhahabu."

Fabiani alifika kesho yake kwa pikipiki. Nilijiandaa kumwombea mzee muda zaidi, msimu mmoja mwingine tu. Fabiani hakutazama mihogo. Alichuchumaa pembeni ya shimo, akaokota jiwe jeupe, akalilamba, akaligeuza juani kama wafanyavyo watafuta dhahabu.

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya heshima kuliko nilivyoisikia siku zote, "huhami."

"Tulikubaliana mihogo ikiisha nahama."

"Achana na mihogo. Ukitoka hapa watu wanaingia. Kaa, ulinde. Na turubai lile lisimamishe tena."

"Nilinde nini? Mimi nilikuwa natega nguruwe!"

"Sawa, baba." Fabiani akanikonyeza. "Nguruwe."

Baba mkubwa alinitazama kama vile mimi, niliyesoma, ninalo neno la kumfanya mtu aeleweke kwa mwanawe. Nilieleza yote, kihema, matete, mchwa, kaniki. Fabiani alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimo kwenye mgawo.

Jioni tulikisimamisha kificho, mzee na mimi, kwenye kipande kidogo kilichosalia na mashina machache. Aliingia amejitanda kaniki, nami nikakaa nyuma yake kwenye giza. Upepo ulikuwa wetu. Jua lilipogusa miti, lile dume likatoka, likapita kati ya mashimo likiyanusa moja moja, likasimama mbele ya upenyo na ubavu wote wazi. Mzee akavuta. Ncha ya upinde ikapita hewani bila kugusa kitu.

"Haloo! Ndiyo! Tafuta mashine ya kuvuta maji!" Fabiani alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, simu sikioni, mkono mwingine ukipunga kuelekea kwetu. "Eneo ni la baba kabisa! Hahami!"

Dume likaruka, likapotea porini.

Baba mkubwa alirudisha uzi taratibu mpaka ukalegea, akaweka mshale chini karibu na kigoda. Nilisubiri atukane. Nilitaka atukane.

"Umeona," aliniambia bila kugeuka, "haukugusa paa."