Kutu Iliyovuta Pumzi

Mama yangu alikuwa hawezi kuniita kwa mara moja. Jina langu alilikata katikati, akavuta pumzi, ndipo akalimalizia. Kifua kilichoshwa na moshi wa mkaa. Ile gesi ya samadi tuliyomwekea nyumbani kwake Kimara aliisusa: ilinuka mayai viza, ikamuumiza kichwa na kumpa kikohozi kibaya zaidi. "Bora mkaa wangu," alisema. Nilichukia, maana shimo lile la samadi nililichimba kwa mikono yangu.

Mdogo wangu wa kike, aliyesoma kemia, ndiye aliyeleta dawa. Mie ni fundi wa kuchonga vyuma Kiwalani. Akaniomba vile vinyuzi vya chuma vinavyodondoka kwenye mashine, mie naviita machicha. Tukayalowesha yakapata kutu, tukayashindilia kwenye bomba nene, gesi ikapita humo kabla ya kufika jikoni. Harufu kwisha! Mama akapika maharage bila kukohoa, nami nikajiona profesa.

Baada ya wiki kadhaa kutu ikawa nyeusi tii, uvundo ukarudi. Mdogo wangu akanionya kwenye simu, "Kaka, usiyamwage machicha. Tunafunga gesi, tunapitisha hewa kidogo kidogo, kutu inarudi yenyewe. Ila inatoa joto, nisubiri."

Nisubiri nini mie? Nikayamwaga yote kwenye kiroba uani, karibu na majani ya ng'ombe, nikaenda kuswali alasiri.

Niliporudi nilimkuta Mama amesimama na ndoo ya maji, anahema. "Nani kawasha moto hapa?"

Hakuna aliyewasha. Kiroba kimeyeyuka, machicha yanafuka, katikati yanawaka mekundu. Jamani! Chuma nakishika kila siku, ubaridi wake naujua. Hapakuwa na kiberiti wala mkaa, ni hewa tu, hii hii tunayovuta sote. Nikainama kuyatazama karibu.

"Nisaidie kumwaga maji, bwege wewe!" Mama akafoka, kisha akakohoa mpaka akakaa chini. Hapo nikaona aibu.

Mdogo wangu alinisema mpaka basi. Bomba nene, akanieleza, hufungia joto katikati. Jembamba hulitoa nje. Nikatengeneza mawili membamba, nikayajaza machicha mapya yenye kutu, moja lichuje gesi wakati jingine linapewa hewa kwa pampu ya baiskeli. La kwanza lilipogeuka jeusi ndani, tukalipa hewa, nikaweka kiganja kwenye bomba. Joto lilianzia chini, nikalifuata likipanda taratibu, shubiri kwa shubiri, hadi juu, likapoa. Tulipofungua, weusi wote umekwisha, kutu nyekundu imerudi. Subhanallah! Miaka yote ile kwenye mashine sikujua kwamba chuma nacho huvuta pumzi.

Siku hizi Mama hamwachii mtu kazi hiyo. Hulifuata joto kwa kiganja chake mwenyewe, na mkaa hanunui tena.

Juzi nilikuwa getini, yeye jikoni. Akaniita nikale, jina langu lote, kwa pumzi moja. Nikanyamaza makusudi ili aniite tena.