Mafuta ya Kupitisha Dawa Kichwani

Nimejenga kuta tangu sijaota ndevu, na kusahau mlango nimesahau mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo iliyoniletea haya yote.

Jirani yangu, mjane anayeuza ndizi sokoni, aliniomba nimjengee kibanda cha kuku cha matofali, kwa sababu kicheche alikuwa ametoboa kile cha mbao. Mimi nikijenga kitu kidogo hupenda kusimama ndani yake. Fundi aliyenifunza alikuwa anasimama nje, lakini yule alikuwa na mikono mirefu kupita kiasi, hata shati lake lilishonwa kwa oda. Basi nikapanga safu baada ya safu huku napiga mluzi, mpaka ukuta ukanifika kifuani. Mjane akaja na kikombe.

"Mzee," akasema, "hii chai nikupitishie wapi?"

Nikatazama huku, nikatazama kule. Mlango haukuwepo. Akanipa chai kwa juu, nikainywa yote kwanza, maana chai haikuwa na kosa. Halafu nikavunja ukuta wangu mwenyewe nikatoka.

Lazima niseme jambo moja ambalo majirani walishalizoea. Mimi na mama watoto tuna virusi vya ukimwi, miaka mingi sasa. Nani alimletea mwenzake tuliacha kubishana zamani, tulipoona kila mmoja ana mashahidi wazuri. Tunameza dawa asubuhi baada ya chai, huyu akimchunga yule. Kwa hivyo habari ya kibanda ilipomfikia, mke wangu hakucheka. Alikaa chini akanyoosha miguu.

"Baba," akasema, "huyo mdudu amepanda kichwani."

"Nilisahau mlango tu."

"Jana ulitaka kumeza dawa mara mbili. Juzi ulimwita kijana wako kwa jina la mbwa."

Hilo la mbwa ni kweli, lakini huyo mbwa nilikuwa naye muda mrefu kuliko kijana.

Sasa huyo kijana, kitinda mimba wetu, ndiye alikuwa anataka kujenga nyumba yake. Amesomea ujenzi chuo cha Sigalagala, ana cheti, na ana kipimo chenye taa nyekundu ambacho mimi sikigusi. Kwetu kijana akitaka kujenga, baba ndiye humwonyesha mahali na kupigilia kigingi cha kwanza. Akipigilia mtu mwingine na baba yuko hai, hiyo ni kusema baba ameshazikwa, ni kaburi tu halijachimbwa. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi ya pili kutoka hapo. Na baada ya kibanda cha kuku, ndugu yangu mdogo, aliyestaafu kazi ya ofisini na bado anavaa koti kwenda kukamua ng'ombe, alianza kupita pale nyumbani akisalimia kwa sauti ya matanga.

"Usijali, kaka," akasema. "Kama kichwa kimechoka, kigingi nitapiga mimi."

Huyo ndugu hajawahi kushika nyundo. Aliwahi kupiga msumari mmoja wa kalenda na ukuta ukapasuka.

Nikaenda kliniki. Kuna daktari pale, binti wa umri wa wajukuu wangu, ambaye kabla ya kuanza kutuita huwa anatufundisha tukiwa kwenye benchi. Siku hiyo nikamuuliza mbele ya watu wote: mdudu anaweza kufika kwenye ubongo?

"Anaweza, mzee," akasema. "Lakini ubongo una ukuta. Mishipa midogo ya damu ya kichwani, ndani imepangwa seli moja kando ya nyingine, zimebanana sana. Vitu vya kwenye damu havipenyi ovyo."

"Zimeshikwa na simiti gani?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Ni protini, mzee. Zinafunga seli na seli, vile simiti inafunga tofali na tofali."

"Na mdudu anapitia wapi?"

"Anajificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Hizo ni askari wa mwili, zina ruhusa ya kupita. Zikishafika ndani, anatoka anaambukiza walinzi wa ubongo wenyewe. Hao wakiwasha vita, pamoja na takataka ambazo virusi hutoa, ile simiti inalegea. Ikilegea, askari wengine wagonjwa wanapita. Tena kuna seli nyingine zenye umbo la nyota, zinakanyagia ukuta kwa nje kwa nyayo zao kuushikilia. Zikiambukizwa chache tu, zinasumbua hata majirani zao wazima."

Mama mmoja kando yangu alikuwa anasinzia, lakini mimi nilielewa kila kitu. Nimeona nyumba ngapi zikianguka hivyo, tofali nzima kabisa, simiti imekwisha. Mwenye nyumba hulaumu tofali.

"Na dawa zetu," nikauliza, "zinapita huo ukuta?"

"Nyingine zinapita vizuri, nyingine kwa shida. Vitu vyenye asili ya mafuta ndivyo hupita kwa urahisi zaidi."

Aliendelea kusema mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichofuata. Niliishia darasa la tatu, na ubaya wa kuishia hapo ni kwamba mtu huzoea kuondoka kabla somo halijaisha.

Kuanzia kesho yake, nikishameza kidonge mbele ya mke wangu, naingia jikoni, nachota kijiko cha mafuta ya kupikia, yale magumu ya mkebe, nameza. Siku ya tatu nikaongeza kuwa vijiko viwili, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimetafuta kofia ambayo nilikuwa nimeikalia. Nilihesabu kwamba hadi Jumamosi dawa itakuwa imeteleza hadi ndani kabisa. Kilichoteleza ni tumbo. Nilikuwa nakwenda choo cha nyuma mbio, na kijana wangu akifikiri naenda kukagua uwanja akasema, "Baba, wewe pumzika, nitapima mimi."

Kisha mke wangu akafungua mkebe.

"Mafuta yangu yanaendanga wapi?"

Nikajifanya natafuta kofia. Kusema kwamba mzee mzima anakula mafuta kwa kijiko jikoni ni aibu. Lakini yeye alikuwa na jibu lake.

"Unampelekea yule wa kuku."

"Nani?"

"Yule aliyekupa chai kwa juu. Mtu gani anajengewa kibanda bila mlango, fundi akiwa ndani, kama hakutaka fundi abaki?"

Sikuwa nimeliona hivyo. Ilibidi nieleze yote, ukuta, simiti, askari, mafuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunika mkebe, akauweka juu ya kabati nisipofika. "Kesho tunaenda wote," akasema.

Kesho yake, iliyokuwa Ijumaa, tukaketi mbele ya yule daktari, na mke wangu akamweleza habari za mafuta kabla sijavua kofia. Binti wa watu aliinama kwenye faili muda mrefu, mabega yakitikisika.

"Mzee," akasema alipoinuka, "mafuta unayokula yanaishia tumboni. Dawa haipandi juu yake ikaenda nayo. Ni dawa yenyewe, jinsi ilivyotengenezwa, ndiyo inaamua kama itapita ukuta. Na yako inapita."

Akanipima. Akanitajia maneno manne: ndoo, kofia, maharagwe, kijani. Akaniambia nigonganishe vidole viwili haraka, halafu ngumi, kiganja, ubavu wa mkono, ngumi, kiganja. Mikono hainisumbui, ilikimbia. Kisha akauliza yale maneno. Nikasema ndoo, nikasema maharagwe, nikasema kofia. La nne likakataa.

"Kijani," mke wangu akasema.

"Mama, ni yeye ninayempima."

"Basi nipime na mimi."

Akapimwa na maneno mengine. Akakumbuka mawili, akasema hayo mengine hayakuwa na maana.

Daktari akasema virusi kwenye damu yangu viko chini kabisa, na dawa zimevishika. Lakini huenda zamani, kabla sijaanza dawa, ukuta ulilegea kidogo, na palipolegea pamebaki alama. Uzee nao uko, na presha yangu iko juu. Akaandika dawa ya presha, akasema nirudi mwezi ujao anipime tena, na nisiache kidonge hata siku moja. Hakusema nimepona. Hakusema nimekwisha.

"Na kigingi?" mke wangu akauliza. "Anaweza kupiga?"

"Kigingi cha nini?"

Akaelezwa. Akafikiri. "Hicho hakiko kwenye vitabu vyangu, mama. Lakini mikono yake umeiona."

Jumamosi ndugu yangu alikuja na koti. Kijana alikuwa na kipimo chake mfukoni. Nikaonyesha mahali, nikainama, nikapiga kigingi cha kwanza mapigo matano, kikazama sawa. Nikafunga kamba kupima pembe, tatu huku, nne huku, tano ya kukata kona, jinsi nilivyofanya maisha yangu yote, na katikati ya kuhesabu kila kitu kikatoka kichwani. Nikasimama nimeshika kamba. Ndugu yangu akakohoa, akanyoosha mkono kuchukua nyundo.

"Nimesahau nilikofika," nikasema kwa sauti, ili asinisemee yeye.

"Tunangoja, baba," kijana akasema.

Wakangoja. Mke wangu akakaa kwenye nyasi kabisa. Polepole ikarudi, ilikuwa nne. Nikapiga cha pili, nikapiga cha tatu, nikapiga cha nne nikiwa nimechoka.

Tulipokwenda kula, niligeuka nikamwona kijana amebaki nyuma, amewasha ile taa yake nyekundu, anang'oa kigingi cha nne na kukisogeza kiasi cha kiganja. Nikatazama pembeni. Cha kwanza ndicho cha baba. Cha nne hata mwenye cheti anaruhusiwa.