Benchi la Wazee Juu ya Tuta

Tuta la kuzuia mafuriko lilipokamilika kijijini kwetu, si mbali na Garsen, kamati ikaamua kuwafanyia wazee jambo jema. Juu ya tuta wakajenga kibanda chenye benchi la saruji, linalotazama mto na msitu, na ubavuni wakaandika kwa rangi nyekundu: MAPUMZIKO YA WAZEE. Ili ufike hapo unapanda ngazi kumi na nne, kila moja inakaribia goti, bila hata ufito wa kushika. Mimi mwenyewe nilifika juu nikihema.

Mama yangu anatembea kwa mkongojo. Alilima ukingoni mwa mto maisha yake yote, na tangu tuta lipande hajauona tena. Kila jioni ananiuliza maji yamefika wapi, utadhani namficha.

Nilimwendea fundi kabla saruji haijakauka, nikamwomba mteremko. Akasema mteremko unakula nafasi. Nikamkumbusha malka, pale ng'ombe wanapopitia kwenda kunywa maji, nusu saa kwa miguu yangu mimi. Pale tuta limelazwa taratibu, hata ndama wa jana anapanda. Akanijibu kwamba ng'ombe wakikosa njia, wenyewe huja kulalamika. Kwani mimi nilikuwa nafanya nini pale?

Siku ya ufunguzi mama akachaguliwa kukata utepe, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote kijijini. Ngazi ya pili tu ikamshinda. Wanaume wanne wakaleta kiti cha plastiki kutoka kwetu, wakambeba juujuu huku watu wakipiga makofi, nami nyuma na mkongojo wake na aibu yangu. Akakata utepe, akapigwa picha. Kisha akautazama mto mpaka mwenyekiti alipomaliza hotuba yake ya kuheshimu wazee. Wakamshusha.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kajifunga leso mpya, kaketi kwenye kiti kile kile.

"Wale wanaume wanne wanakuja saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia hawaji, walikuja kwa ajili ya sherehe tu. Akalitazama tuta. Kisha akanyoosha mkono nimpe mkongojo.

"Basi nipitishe njia ya ng'ombe," akasema.