Sista Vichupa na Wagonjwa Waliokuwa Wakificha Dawa

Alizaliwa mwaka 1938, kitinda mimba wa mchimba dawa, katika nyumba iliyonuka magome na majani makavu mwaka mzima. Alijua kutwanga mizizi kabla hajajua kusoma. Akiwa na miaka kumi na tisa alijiunga na watawa, akasomea uuguzi, na baada ya nadhiri zake akapangiwa wodi ya saratani. Huko alimkuta daktari mkuu, mtu mwema lakini mwepesi wa hasira, aliyebandika ukutani amri kwamba mgonjwa atakayekutwa na mitishamba arudishwe kwao siku hiyohiyo. Basi wagonjwa wakawa wanakunywa chini ya blanketi.

Mwaka 1974 mwalimu mmoja, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akiendelea vizuri na dripu zake za dawa ya saratani, aligeuka macho kuwa ya manjano ghafla. Ini lilikuwa limeharibika. “Nilikuwa nakunywa ya mizizi, Sista,” alimnong’oneza. “Niliogopa kufukuzwa.” Alizikwa wiki ileile. Sista alitoka makaburini moja kwa moja hadi ofisini kwa daktari.

“Daktari, amri yako imetufumba macho.”

“Unataka niruhusu uganga wodini?”

“Nataka tujue wanachokunywa.”

Sista akahamishiwa kwenye chumba cha kufulia. Alitii, ila hakunyamaza. Wagonjwa walimfuata kule kwenye mvuke na mashuka, kila mmoja na chupa yake ndani ya khanga, ndipo wakambandika jina la Sista Vichupa, naye akalicheka. Alinusa, akauliza, akaandika, kisha akawaambia: Hii haina neno, italainisha koo tu. Hii itagombana na dripu, iache. Na huyo aliyekuambia uvimbe utakauka bila kisu amekudanganya, rudi ukapasuliwe. Zile asizozijua alisema wazi kwamba hazijui, akaomba ruhusa ya mgonjwa azipeleke kwa mfamasia.

Mwaka wa pili daktari mkuu alishuka mwenyewe, chupa mkononi.

“Ni ya mama yangu,” alisema. “Ana uvimbe kwenye titi. Amenificha mimi, mwanawe wa kumzaa.”

Sista alikausha mikono, akaipokea. Kesho yake alirudishwa wodini, na ile amri ikabanduliwa ukutani.

Waamini husimulia zaidi habari za fundi cherehani aliyekatisha matibabu ya saratani ya taya. Sista alimwendea kwa miguu mara mbili, akafungiwa mlango. Mara ya tatu aliketi kizingitini tangu asubuhi.

“Sista, hivi wewe huchoki?” fundi aliuliza jua likiwa utosini.

“Nimefua mashuka miaka miwili, baba. Nichokee hapa?”

Fundi akacheka, akavaa viatu, wakaenda hospitali akapasuliwa. Aliishi miaka ishirini na sita zaidi. Wengi huuita uponyaji huo muujiza. Sista aliuita upasuaji uliowahi.

Mwaka 1996 saratani ilimpata yeye mwenyewe. Dada yake alimletea kikombe cha mizizi; Sista alimwonyesha daktari, akaambiwa kitamdhuru, akakiweka kando. Lakini alikubali kukandwa miguu kwa mafuta na kuombewa. “Haya hayaondoi uvimbe, dada,” alisema, “yananipa nguvu ya kurudi kwenye dripu.” Alirudi mara kumi na moja, akafariki kwa amani tarehe 14 Mei 1997.

Nasi tunaompenda tumwige hivi: mgonjwa wetu akituficha jambo, tusianze kumkemea. Tuvute kiti, tujiulize tulimtisha lini.