Kitambaa Kimoja

Juzi, pale Karatu, nilimwona msichana wa Kizungu akishuka kwenye gari, na mama mwenyeji akimkumbatia. Siku nzima sikutulia. Nilimkumbuka Lena, mtoto wa Kizungu aliyekuja kwetu likizo ya Krismasi nilipokuwa mdogo, wakati kwao kuna baridi kali.

Mchana mmoja mvua ilipiga bati, na nyumba ilinuka moshi wa kuni. Mama alikuwa kwenye cherehani, akishona magauni mawili ya maua, langu na la Lena, kutoka kitambaa kimoja. Kwetu walioshonewa hivyo walikuwa watoto wa mama mmoja tu. Kumbe tumepewa mtoto!

“Mama, huyu anaondoka lini?”

“We mtoto! Mgeni anaulizwa hivyo?”

Nikamfuata Lena barazani. “Kwenu wamekufukuza?”

“Ndiyo,” akasema akitabasamu. Baadaye ndipo nilipogundua kuwa alijibu hivyo kila swali, kwa kuwa hakujua Kiswahili.

Nilizunguka uani kwenye matope nikiwa nimenuna, mpaka huruma ikanishika. Nikaingia ndani, nikatoa nguo zangu kwenye nusu ya kabati, iwe yake.

Sikukuu ilipoisha, gari la watalii lililotoka Ngorongoro likaja kumchukua. Nikang'ang'ania gauni lake.

“Mama, mbona tunamrudisha?”

Mama akacheka. “Mwenzio ana mama yake.”

Leo najua ilikuwa likizo tu. Mimi ninayehoji kila kitu sijawahi kumwuliza Mama kwa nini alishona vile. Naogopa atasema kitambaa kilibaki tu.