Kaseti ya Gari la Magesa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi kwenye uwanja wa mbio za magari nje ya Bunda, nilipojifungia ndani ya gari la rafiki yangu Magesa nikiwa na kinasa sauti mapajani na majivuno kichwani. Ulikuwa mzunguko wa vumbi tu, greda ilikuwa imeuchonga kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, lakini sisi tuliuona mkubwa kuliko dunia. Leo wewe unabandika simu kwenye kioo cha gari, unazunguka uwanja, jioni unaniletea nisikilize. Nimesikiliza. Kabla sijasema neno juu ya kazi yako, ngoja nikuambie habari za yangu.

Wakati ule nilikuwa kijana wa Musoma, na kinasa sauti chenyewe kilikuwa cha parokia. Padre alinikabidhi nirekodi kwaya, na kwa kurekodi kwaya hakuna aliyenifikia kuanzia Musoma mpaka Butiama. Silisemi hili kwa kujisifu. Au nalisema kwa kujisifu kidogo. Uzee una ruhusa zake.

Magesa alikuwa na shida. Gari lake likisimama, injini ilinguruma vizuri na kila fundi alisema halina neno. Likiwa kwenye kona, kwa mwendo, alihisi kitu asichoweza kukieleza. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Mtu mmoja tu angeweza kuutambua ugonjwa huo, naye ni baba yake, mzee Wambura wa Buswahili. Huyu alikuwa fundi wa kugusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, kisha akakuambia gari linaumwa wapi. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha nuru, na nyonga aliyovunjika haikumruhusu kupanda gari la mashindano. Alikuwa amemwambia mwanawe kwamba gari usilolijua tatizo lake hulikimbizi. Magesa naye alikuwa ameshaapa kwamba Jumamosi atakimbia. Hapo ndipo nilipojitokeza nikasema nitampelekea mzee sauti ya gari mpaka uani kwake.

Nikafanya kama nilivyozoea kwa kwaya. Maikrofoni nikaibandika juu ya dashibodi, mbele kabisa, mahali pa heshima. Kiwango cha sauti nikakipandisha hadi mwisho, maana waimbaji wa besi wa parokia yetu walikuwa wavivu na nilishazoea kuwasaidia. Vioo nikaviacha wazi. Nilimwambia Magesa ni kwa sababu ya joto, lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na wasichana kando ya uwanja na nilitaka wanione. Tulipoanza kuzunguka nikageuka mtangazaji, nasimulia kona, nasimulia vumbi, namtaja Magesa na kujitaja mwenyewe. Kwa mizunguko mitano sikufunga mdomo.

Jioni tulimkuta mzee Wambura uani, kwenye kigoda. Tukamwamkia, akaitikia, nikabonyeza kitufe. Alisikiliza upande mzima wa kaseti ameinamisha kichwa, wala hakunikatiza. Mimi nilikuwa nasubiri sifa.

"Kijana," akasema, "hii gari ni ya nani?"

"Ya Magesa, mzee."

"Mimi nimesikia upepo. Nimesikia dashibodi inatetemeka. Na wewe nimekusikia sana. Magesa sijamsikia."

Magesa akacheka. Mzee akaugeuza uso wake kule kicheko kilikotoka. "Usicheke, wewe. Ukifa Jumamosi, hii ndiyo nitabaki nayo?"

Mwanangu, sijawahi kuona aibu kama ile. Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga walisema, na debe siku hiyo lilikuwa mimi, bingwa wa kwaya. Nilitamani kurudi Musoma kwa miguu. Lakini mzee Wambura hakuwa mtu wa kukuangusha akakuacha chini. Aliagiza tyubu kuukuu ya baiskeli, akamwomba mkewe kipande cha sponji ya godoro, akanishika mkono na kunionyesha kwa vidole vyake vigumu. "Upepo na bati zinapigaga kelele kuliko injini," akasema. "Sikio liweke pale haziwezi kulifikia."

Kesho yake, Alhamisi, tulirudi uwanjani. Maikrofoni nikaivika sponji, juu yake soksi ya sufu, nikaining'iniza chini nyuma ya kiti changu kwa vipande viwili vya ule mpira wa tyubu, isiguse chuma popote. Vioo tulivifunga vyote, tukaokwa humo ndani. Nilimwambia Magesa akanyage mafuta hadi mwisho gari likiwa limesimama, nikashusha kiwango mpaka mshale wa kipimo cha sauti haukugusa tena alama nyekundu. Tukazunguka mara moja tu, tukasimama, nikavaa spika za masikioni nikasikiliza. Mshale ulikuwa umepanda tena kwenye kona, nikashusha kidogo zaidi. Ndipo tukaenda mizunguko mitano, na mimi nimeng'ata mdomo kama mtu aliyekatazwa kucheka msibani.

Jioni, uani kwake, mzee alisikiliza. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha, akasikiliza tena, akaniambia nirudishe kwa mara ya tatu. Niliona Magesa ameacha kutabasamu.

"Kila akikata kulia, kuna kitu inasaga kushoto," mzee akasema taratibu. "Akinyoosha, inaacha. Hiyo beringi. Fungueni gurudumu ya mbele kwanza."

Tulifungua. Beringi ilikuwa imekwisha, gololi zake zimemeguka, na grisi imegeuka uji mweusi wenye chembe za chuma. Mzee aliipapasa kiganjani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mzee yule angejenga kaburi la mwanawe. Kisha akanyoosha mkono kunitafuta, akaniwekea begani, akasema, "Huyu sasa ana sikio." Nimepokea vyeti baada ya hapo, mwanangu, vingine vina mihuri na fremu. Hakuna hata kimoja nilichokipenda kama mkono ule wenye grisi uliochafua shati langu jeupe.

Tukafunga beringi mpya, na Jumamosi Magesa alikimbia, akashika nafasi ya tatu. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, kinasa sauti kinazunguka, maana mzee alitaka kusikia mbio zile kutoka ndani. Mwenyewe alikuwa ameletwa akaketi kwenye kiti kando ya uwanja. Tulipomaliza, Magesa akaliendesha gari mpaka pale alipo baba yake, akazima injini. Nilitaka kubonyeza kitufe nizime, nianze kupiga vigelegele kama wengine. Sijui nini kilinizuia. Labda nilikuwa nimeanza kuzoea kunyamaza. Magesa akafungua mlango, na mzee akaja akipapasa bati mpaka akamfikia.

Kwenye kaseti ile, baada ya injini kunyamaza, unasikia bati likilia tik, tik, linavyopoa. Kisha sauti ya mzee: "Nimekusikia, mwanangu. Kila kona nimekusikia." Basi. Hakuna zaidi.

Magesa aliniambia baadaye kwamba tangu azaliwe baba yake alikuwa hajamsifia kitu. Mzee ameshatangulia miaka mingi, na sauti yake hapa duniani imebaki pale tu. Magesa mwenyewe sasa ni mzee wa mvi. Kila mwaka anakuja kwangu, anakaa, nampigia kaseti ile, tunafika hapo, ananiomba nirudishe nyuma.

Sasa kazi yako, mwanangu. Umeiweka simu mbele kwenye kioo kinachotetemeka, umeacha dirisha wazi, umepandisha sauti mpaka inapasuka, na umeongea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kazi yangu ile ile ya Jumatano, nami nimecheka peke yangu. Iondoe simu yako kwenye upepo. Itenge na chuma. Kiwango cha sauti kiachie nafasi juu, maana kona kali haijaja bado. Zunguka mara moja, usikilize, ndipo uzunguke kumi. Na ukishakuwa umeandaa vizuri, nyamaza, umwache mwenye kusikika asikike. Kazi ikiisha usikimbilie kuzima. Yapo mambo yanayosemwa injini ikishapoa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio pana kuliko mdomo, akufikishe salama kila kona, na siku ya mwisho wako apatikane mtu aliyetunza sauti yako.