Kiingilio cha Chungu Kimoja

Nakumbuka Jumamosi moja ya miezi ya palizi, mwanangu, mvua imekatika mchana na udongo mwekundu wa Mbozi unanata viatuni kama ugali wa ulezi. Nilikuwa nakwenda nyumbani kwa Mzee Simbeye, koti lake nimelikunja kwapani. Nililiazima nilivae kwenye igizo, na siku ile nilikuwa nalirudisha ili alivae kanisani Jumapili, kisha niliombe tena.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi nilisimama Tunduma, karibu na stendi, nikasoma tangazo la kikundi chenu. Igizo la familia, mmeandika, na chini yake kiingilio cha mkubwa, cha mtoto, na cha viti vya mbele. Nilifurahi kuona kwamba bado wapo vijana wanaosimama mbele ya watu walio hai na kuwaigizia. Lakini nililisoma tangazo mara ya pili, na lile koti likanirudia akilini.

Sisi tulikuwa kikundi kidogo, huku upande wa Vwawa, na hakuna aliyesomea sanaa. Mimi niliishia darasa la saba. Ninachokijua kuhusu maigizo nilikipata kwenye vitabu vya kuazima, na kwa kukaa kimya nikiangalia jinsi watu wanavyogombana. Kiongozi wetu alikuwa Kaka Jofrey, kijana mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili. Tuliigizia kwenye ghala la chama cha ushirika, lile la kuhifadhia kahawa. Tulipewa kwa sababu msimu ulikuwa umepita na ghala lilikuwa tupu.

Tazama akili zetu, mwanangu. Ukumbi tuliupata kwa kuwa kahawa imekwisha kuuzwa, na hatukujiuliza kama fedha za kahawa nazo zilikuwa zimekwisha. Karo zimelipwa, mbolea imenunuliwa, gunia la mwisho la mahindi liko nusu. Ghala tupu, mifuko mitupu. Ndipo tukaweka mtu mlangoni atoze kila kichwa.

Igizo lenyewe lilikuwa la baba na mwana. Mwana anauza dume la ng'ombe la baba yake bila kuuliza, anatoweka, halafu siku moja anarudi na kusimama mlangoni wakati watu wanakula. Baba nilikuwa mimi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kunyamaza. Nilishika tonge mkononi, nikamtazama yule mwana muda mrefu, ndipo nikasema, "Ingia, chakula kinapoa." Hapo linakwisha.

Watu walikuja, si haba. Lakini walicheka kwa kusitasita. Mtu alitoa kicheko kifupi, akageuka kulia na kushoto kama aliyepoteza kitu, akanyamaza.

"Tuongeze mlevi," alisema Kaka Jofrey. "Igizo bila mlevi ni chai bila sukari."

Tukaongeza mlevi. Akapepesuka mpaka akaangusha benchi la kanisa tulilokuwa tumeazima. Watu wakacheka kidogo, wakageuka kulia na kushoto, wakanyamaza.

Basi nilipofika kwa Mzee Simbeye siku ile, nilisita kupiga hodi, maana jikoni kulikuwa na vicheko ambavyo sijawahi kuvisikia ghalani. Jiko lao lilikuwa banda la matofali nje ya nyumba, mlango wazi. Katikati alisimama binti yao Neema, wa darasa la sita, kitenge cha mama yake kimening'inia mabegani kama koti. Alikuwa ananiiga mimi. Jinsi ninavyokohoa kabla ya kusema. Jinsi ninavyovuta suruali magotini kabla ya kukaa. Wadogo zake walikuwa chini, hoi kwa kucheka. Mama yao, ambaye sote tulimwita Mama Festo, alijifuta machozi kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na unga.

Hapo nikaelewa kilichokuwa kinatokea ghalani. Nyumba ile iliweza kumlipia mtu mmoja tu, ikamchagua mwenye kichwa cha kushika maneno, ikamtuma. Na haikuwa peke yake. Karibu kila nyumba ilituma mjumbe wake, akaketi kati ya wajumbe wa nyumba nyingine, akayabeba maneno kwenda nayo nyumbani kama mtu anayebeba kaa la moto kutoka kwa jirani. Sasa mjumbe atacheka na nani?

Mzaliwa wa kwanza, Festo, alikuwa amekalia kinu karibu na mlango. Baba yake hakuwa jikoni. Alikuwa barazani mwa nyumba kubwa, ametupa mgongo, lakini kiti chake kilikuwa pale pale ambapo maneno ya jikoni yanafika, na bega lake lilikuwa linatikisika kwa kicheko cha siri.

Wawili hawa walikuwa hawasemeshani. Mwaka ule Festo aling'oa mibuni mikongwe aliyoipanda babu yake, apande mahindi, na hakuuliza. Mzee hakumpiga wala hakumfukuza. Alinyamaza tu. Chakula kilipikwa chungu kimoja, sahani ya Mzee ikaenda barazani, ya Festo ikabaki jikoni. Na Festo alikuwa amepata kazi ya kupakia mizigo kwenye malori mpakani Tunduma. Baada ya wiki mbili angeondoka. Mama yake hakuogopa safari. Tunduma si mbali. Aliogopa mtoto kuvuka kizingiti bila neno la baba yake, maana anayeondoka hivyo hata kurudi kwake ni kugumu.

Neema akafika mahali pa mwisho. Akakaa kama mimi, akashika tonge la hewani, akanyamaza kama ninavyonyamaza. Watoto wakatulia. Akatazama barazani. Kisha akashusha kitenge mabegani.

"Hapo mwisho sijui," alisema.

"Unajua wewe," alisema Festo. "Malizia."

"Sijui. Mwende mkaone wenyewe."

Lile bega barazani likaacha kutikisika.

Nikapiga hodi, nikaamkia, nikatoa koti. Nilipoaga, Mama Festo alinisindikiza mpaka njia panda, kama ilivyo desturi. Hakuinua sauti hata kidogo.

"Mwanangu, pale mlangoni kwenu mnatoza nini?"

"Kiingilio, mama."

"Cha nani?"

"Cha kila mtu."

"Kukiwa na msiba hapa, anayekusanya mchango huwa anahesabu vichwa?"

"Hapana, mama. Anahesabu nyumba."

"Ehee. Kwa hiyo machozi ni ya nyumba, kicheko ndio kimekuwa cha kichwa?"

Akaendelea, macho yake yakiwa kwenye mahindi ya jirani. "Neema ameniletea yote. Lakini lile neno la mwisho mtoto hawezi kulitamka mbele ya baba yake. Linataka lisemwe na mtu mzima asiye wa kwetu. Nami kuwalipia wote siwezi. Nikiwalipia wawili tu, Mzee atajua nimemtega, hatanyanyuka kitini. Wakienda wote, hakuna aliyetegwa." Kisha akacheka kidogo. "Halafu mnasema watu wenu hawacheki. Kicheko cha mtu mmoja, baba, si ni kikohozi?"

Nilimpelekea Kaka Jofrey maneno hayo kama yalivyo. Nilipendekeza tutoze chungu: wote waliokula chungu kimoja siku hiyo, kiingilio kimoja, na asiye na fedha alete maharage au mahindi.

"Umelogwa?" alisema. "Zipo nyumba hapa zina watu kama kwaya! Na mafuta ya jenereta utatia maharage?"

Hilo la mafuta lilikuwa swali la haki, na mimi siku zote nimeamini kwamba swali la haki hujibiwa kwa mpango, si kwa huruma. Tukakaa tukapanga. Ghala lilikuwa na milango mikubwa ya kupitisha malori. Tukiifungua alasiri, mwanga unatosha na jenereta halihitajiki. Na alasiri mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kutembea kurudi kwake bila woga.

"Jumamosi moja tu," alisema Kaka Jofrey. "Tukipata hasara, hilo koti utalivaa ukaombee."

Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni mwenyewe. Wa kwanza kumtia jasho alikuwa fundi baiskeli wa pale njia panda, mtu mcheshi aliyeishi na mkewe na mtoto mmoja. Alikuja na watoto wa mtaa mzima.

"Fundi," alisema Kaka Jofrey, "hawa wote ni wa chungu chako?"

"Wamekula kwangu leo. Waulize nimewapa nini."

"Mmekula nini?"

"Makandeee!" wakajibu wote pamoja, na mmoja akaonyesha punje ya hindi iliyoganda shavuni.

Kaka Jofrey alinitazama kama anayetaka kunirushia kitu. Lakini fundi hakuwa amedanganya. Alikuwa ametimiza sharti letu neno kwa neno, na kwa sababu hiyo watoto wale, ambao wengine nyumbani kwao mchana ule hapakuwa na moto, waliingia wameshiba.

Kisha wakaja wa nyumba ya Simbeye. Mama Festo mbele na kikapu cha maharage, watoto, Neema, halafu Mzee na fimbo yake, na nyuma kabisa, mbali, Festo.

"Chungu kimoja?" Kaka Jofrey aliuliza, akimwangalia Festo aliyesimama kando kama mpita njia.

"Chungu kimoja," alijibu Mama Festo. "Sahani tu ndizo zimetofautiana."

Waliketi benchi moja, Mzee ncha hii, Festo ncha ile, watoto katikati. Mwanangu, alasiri ile ghala lilicheka. Mke alimpiga mumewe kiwiko, mtoto alimgeukia bibi yake kuhakikisha kwamba bibi naye ameona. Yule mlevi hatukumhitaji tena. Walikuwa wanachekana wao kwa wao; sisi tulikuwa tumewapa sababu tu.

Tukafika mwisho. Mwana akasimama mlangoni. Nikashika tonge, nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunza kuurefusha ukimya ule, na siku hiyo niliurefusha kuliko siku zote, maana nilimwona Festo ameinamisha kichwa. Ghala zima likatulia, hata wale wa makande.

Ndipo sauti ikatoka kwenye mabenchi, kavu, yenye hasira ya mtu aliyechoka kungoja.

"We uliyevaa koti langu! Mwambie mtoto aingie! Chakula kinapoa!"

Alikuwa Mzee Simbeye, amesimama, fimbo imenielekea. Sijui kama aliyakisia maneno yenyewe, au kama nyumbani kwake hayo ndiyo maneno ambayo baba husema. Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikafa polepole, kwa sababu wengi walijua habari za nyumba ile. Festo aliinua kichwa akamtazama baba yake. Mzee naye akajikuta amesimama mbele ya watu, ameyasema, na hayarudi.

Neno langu lilikuwa limekwisha kusemwa. Nikamwashiria yule mwana aingie, akaingia, akaketi, tukala.

Walipokuwa wanatoka nilivua koti nikampelekea Mzee. Hakulipokea. "Mpe Festo alibebe," alisema, kisha, bila kugeuka, "Festo, lishike vizuri, lisiguse matope." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu mibuni ing'olewe.

Festo alikwenda Tunduma kama alivyopanga, na mibuni haikurudi ardhini. Lakini siku ya safari baba yake alimsindikiza hadi barabara kuu, begi amelibeba yeye Mzee, na hakukubali kupokewa.

Sasa mwanangu, nije kwenu. Sikwambii muigize bure. Bure nayo ina aibu yake. Mama wa huku hapendi kuingia mikono mitupu, na nyinyi mna pango la ukumbi na vipaza sauti vya kukodi. Nakwambia mbadili mnachokihesabu. Igizo la familia linalotoza vichwa huigawa familia mlangoni, kabla halijaanza. Mama atachagua nani aingie na nani abaki, na kuchagua huko kunauma kuliko kukosa kabisa. Hesabuni vyungu. Tazameni pia majira: wa Mbozi ana fedha kahawa inapouzwa, wa Momba mpunga unapovunwa, na katikati hapo mpokee walicho nacho. Sisi hatukutajirika. Lakini kikapu cha mlangoni hakikuwa chepesi kuliko zamani, na maharage tulikula sisi wenyewe.

Wala msijidanganye kwamba siku hizi watu wana simu, wataona humo. Kwenye simu kila mtu ana kioo chake na anacheka peke yake. Mzee Simbeye asingeikemea simu, na kama angeikemea, Festo asingekuwa ncha ya pili ya benchi. Wahenga walisema kizuri kula na mwenzio. Mimi naongeza kwamba vipo vizuri ambavyo ukivila peke yako havina ladha, na igizo ni kimojawapo.

Mungu awajazie ukumbi, wanangu. Awape sauti isiyokauka na ukumbi usiovuja. Na kila anayesimama mlangoni penu akisita, ampate wa kumwambia aingie, chakula kingali moto.